Jina la Chuo Halilipi Kodi ya Geto

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu haipumziki. Safari hii kapiga mdogo wangu wa kike, yuko nyumbani Ikonda, Makete. "Kaka, Sheria nikasome wapi? Chuo cha serikali au cha binafsi?" Naandika hapa kwa sababu swali lake ni la wengi, na mimi nilishalijibu vibaya.

Mwaka wangu nilichaguliwa vyuo viwili: cha umma Dar es Salaam na cha binafsi Iringa. Baba alitaka Dar. Simlaumu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na wanafunzi 14, wote wa sheria, na vyuo vikuu vya binafsi vilikuja miaka ya 1990. Kwa mzee wa umri wake, "chuo kikuu" ni kile alichokisikia tangu utotoni. Mimi nikaangalia ada: Dar milioni moja, Iringa milioni moja na nusu. Jina kubwa, ada ndogo. Nikathibitisha Dar siku hiyohiyo.

Kosa langu liko hapo: nililinganisha ada na ada, basi. Tena nilichelewa kuomba hosteli, nikapanga geto. Hebu fuata hesabu yangu ya mwaka mmoja:

Dar: ada 1,000,000, geto 60,000 kwa miezi 9 ni 540,000, daladala 1,200 kwa siku, siku 200, ni 240,000. Jumla 1,780,000.

Iringa: ada 1,500,000, chumba 30,000 kwa miezi 9 ni 270,000, chuoni unakwenda kwa miguu. Jumla 1,770,000.

Tofauti ni shilingi elfu kumi! Na hapo sijagusa chakula. Iringa, mama angenitumia gunia la viazi kwa basi kupitia Njombe na Makambako. Dar viazi nanunua.

Sasa weka mkopo. Posho ya chakula na malazi ilipanda mwaka wa masomo 2022/23 kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na ni ileile popote ulipo. Elfu kumi ya Iringa na elfu kumi ya Dar hazifiki mbali sawa. Lakini tusidanganyane: mkopo wa ada una ukomo. Chuo kikitoza zaidi, tofauti ni ya mzazi, tena taslimu, kabla ya mtihani. Kwa hiyo mwenye mkopo kamili na hosteli, chuo cha umma kinamfaa kifedha. Asiye na hosteli, au aliyepewa mkopo nusu, apige hesabu upya. Na deni hilo halifutiki: ukiajiriwa, unakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Mkopo wangu ulikuwa mdogo. Pengo la geto, baba aliliziba kwa kuuza shamba la miti ya paini ambayo haijakomaa, kwa bei ya mnunuzi. Ile miti ilikuwa ada ya mdogo wangu, huyuhuyu anayeniuliza leo.

Je, jina halina thamani? Linayo. Maktaba ya miaka mingi na wahitimu waliotangulia kazini vinasaidia. Ila sisi tuliokulia Ikonda tunajua jambo moja. Hospitali yetu ni ya Wamisionari wa Consolata, iko kijijini, kwenye baridi, na wagonjwa wanakuja kutoka mikoa ya mbali. Hawafuati mmiliki wala mji. Wanafuata kazi.

Kwenye sheria ni hivyohivyo. Ukitaka uwakili, utapita Shule ya Sheria, uwe umetoka chuo cha umma au cha binafsi, na mtihani ni mmoja. Matokeo yaliyozua gumzo mwaka 2022 yalikuwa ya watahiniwa 633. Waliofaulu moja kwa moja ni 26. Karatasi ile haikuuliza mtu katoka chuo gani.

Basi mdogo wangu, na wewe unayesoma, kabla ya kuthibitisha fanya haya. Hakikisha chuo na kozi vinatambuliwa na TCU. Tafuta wahitimu wawili wa kozi hiyo, waulize walimu wanaingia darasani au la. Andika gharama zote za mwaka, zidisha kwa miaka yote ya kozi, halafu mwoneshe baba. Hosteli omba siku ya kwanza.

Ukishajua jumla, kama bado unataka jina, lichukue kwa amani. Mimi nililichukua bila kujua bei, na bei akalipa mwingine.

Nimemwambia baba miti iliyobaki isiguswe mpaka tukae sote watatu na karatasi mezani.