Kura ya Kilima

Katika Burundi hakuna kura ndogo kuliko ile ya kilima. Lakini kwa watu wa Rumonge ndiyo kura inayogusa shamba na ua wa kila mtu. Kwa hiyo yafaa tuielewe vema.

Kilima ni sehemu ya chini kabisa ya utawala wa nchi; mjini mahali pake ni mtaa. Kila kilima huchagua baraza la watu 5. Wagombea hawasimami kwa jina la chama, bali kila mmoja kwa jina lake mwenyewe. Tuseme wamesimama watu 8. Watano waliopata kura nyingi huingia barazani, na yule aliyewashinda wote ndiye mkuu wa kilima. Uchaguzi huo ulifanywa mwaka 2005, 2010, 2015, 2020 na 2025.

Je, kazi yao ni nini? Mkuu wa kilima husaidia kupatanisha majirani wenye ugomvi. Na huku kando ya Ziwa Tanganyika ugomvi mzito ni wa ardhi. Mwaka 1972 damu ilimwagika, na watu wengi wa Rumonge wakakimbilia Tanzania. Nyuma yao mashamba yakashikwa na wengine. Baada ya Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000 wakimbizi wengi walirudi. Wako waliokuta mtu mwingine anavuna michikichi iliyopandwa na baba yao. Na mtu yule naye ana watoto waliozaliwa papo hapo. Shauri kama hilo laweza kufika mahakamani, lakini kwanza husikilizwa kilimani.

Basi, kabla ya kupiga kura, mtu ajiulize maswali mawili. Kama ningekuwa mimi niliyerudi, mgombea huyu angenisikiliza? Na kama ningekuwa mimi niliyemkuta shambani, angenisikiliza vilevile? Akijibu ndiyo mara mbili, amempata mpatanishi. Akijibu ndiyo mara moja tu, amejichagulia mtetezi wa upande wake, na jirani yake hatakuwa na pa kwenda.

Sisi wanafunzi tuliotimiza miaka 18 tunayo haki ya kupiga kura hiyo. Tusimchague mtu kwa kuwa ni ndugu, wala kwa kuwa ametununulia kinywaji. Kinywaji huisha siku ile ile. Baraza hukaa miaka 5.