Somo: Kutengeneza Picha bila Kuharibu Ukweli



Siku hizi kila sherehe ya mtaa wetu hupigwa picha kwa simu, nasi twaletewa nyingi zenye giza au zilizopinda. Yafaa kila mmoja ajue kuzitengeneza mwenyewe. Simu nyingi zina sehemu ya kuhariri picha, na kwa kompyuta iko programu ya GIMP, ambayo hutolewa bure.

Kwanza, fanya nakala, uitengeneze hiyo. Picha ya asili uiache kama ilivyo. Picha ya aina ya JPEG hupungua ubora kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Asili ikiharibika, huna pa kurudi.

Pili, inyoshe. Tazama nguzo au ukuta wa kanisa mpaka usimame wima. Kisha punguza kingo zisizo na kazi.

Tatu, rekebisha mwanga. Waimbaji wakivaa kanzu nyeupe, mara nyingi kamera hupunguza mwanga, na nyuso hutoka na giza. Usiongeze mwanga wa picha nzima. Ongeza wa sehemu za kivuli tu. Mahali palipokwisha kuwa peupe kabisa hapana cha kurudisha.

Nne, tazama rangi. Taa nyingine huifanya picha kuwa ya manjano. Rekebisha mpaka kanzu nyeupe ionekane nyeupe, na rangi nyingine zitafuata.

Basi, hapo ndipo pa kusimama. Tuliwahi kuletewa picha ya ubatizo, tukaombwa tumfute mdhamini mmoja kwa kuwa amekosana na wazazi wa mtoto. Kwa programu za leo ni kazi ya dakika chache. Tulikataa. Mdhamini yule alikuwapo, akaahidi mbele ya kusanyiko, na mtoto akikua ana haki ya kumjua. Amri ya tisa haikatazi uongo wa mdomo peke yake. Kuondoa giza usoni ni kumsaidia mtu aonekane. Kumfuta ni kusema hakuwapo. Tulirekebisha mwanga tu, tukawarudishia picha yao.

Zoezi: Chukua picha moja ya Pasaka, uifuate kwa hatua hizi nne, kisha uilinganishe na ya asili. Je, waweza kueleza ulichobadili mbele ya wote waliomo pichani?