Kahawa Nunua Mjini, Chokoleti Ngojea

Wadogo zangu, mmoja wenu anaondoka Dar es Salaam kwenda kwa dada yake Marekani, atapitia Dubai. Anauliza kama zawadi zake, kahawa na chokoleti, azinunue palepale uwanjani akisubiri kupanda ndege.

Mpenzi, kahawa usiingoje mpaka huko. Duka lisilotozwa ushuru si lazima liwe rahisi; mwenye nalo analipa pango la uwanja, na pango hilo unalilipa wewe. Mjini unalinganisha bei kwa raha zako, unageuza pakiti, unatafuta tarehe ya kukaangwa. Kwanza lakini mpigie dada yako umuulize kama ana mashine ya kusagia. Kama hana, mpelekee iliyosagwa. Na wasikubabaishe na herufi: AA ni ukubwa wa punje, PB ni punje iliyoota peke yake ndani ya tunda ambalo kwa kawaida hubeba mbili. Hakuna kati ya hizo inayokuhakikishia ladha. Ila kama dada amekulia Tanzania, kopo la Africafe kutoka Bukoba huenda likamfurahisha kuliko pakiti yoyote yenye picha ya tembo.

Kahawa ya unga itie kwenye sanduku kubwa. Tangu 2018, kwa ndege ziendazo Marekani, unga unaozidi mililita 350, kama kopo la soda hivi, ukiwa kwenye begi la mkononi unaweza kukaguliwa zaidi, hata kukataliwa.

Chokoleti ni kinyume chake. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzijoto kama 34, chini ya joto la mwili wako. Sasa fikiria foleni ya kwenda uwanjani saa nane mchana, begi lako liko kwenye buti. Ikiganda tena inatoka na mabaka meupe. Si ukungu, inalika vizuri tu, lakini mpokeaji ataona umempa mabaki ya sikukuu ya mwaka jana. Kwa hiyo inunue Dubai, kituo chako cha mwisho kabla ya Marekani, uibebe mkononi. Soma pembeni ya boksi, maana nyingine zina pombe katikati, na si kila nyumba ya kupelekewa hiyo. Ya kupaka kwenye mkate achana nayo: wakaguzi wanaihesabu kama kimiminika, kikomo ni mililita 100, na abiria wa kuunganisha ndege hukaguliwa upya.

Na kikombe chako mwenyewe? Nusu ya kafeini huweza kubaki mwilini saa tano baada ya kunywa. Dubai hadi New York ni zaidi ya saa 13 angani. Kama unataka kulala, usinywe kahawa getini eti kwa sababu inanukia. Inanukia kila siku hiyo. Wewe nunua maji baada ya ukaguzi.

Ukitua, afisa akiuliza kama una chakula, jibu ndiyo. Kahawa iliyokaangwa na chokoleti vinaruhusiwa kuingia Marekani. Faini humpata anayeficha.