SOMO LA HESABU: TENDO LIPI LIANZE?



Kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tayari tunajua. Leo tutazame hesabu ambayo matendo hayo yamechanganyika. Hesabu ya namna hii ina utaratibu wake. Ukiuvunja, jibu linaharibika, na mara nyingine jibu lenyewe ni fedha yako.

Sisi wa Kilimanjaro tumeishi na hesabu za kahawa siku nyingi. Wakulima wa mlima huu waliunda chama chao cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Mwaka 1971 Wilaya ya Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Faida moja ya kisomo ni hii: karatasi ya mizani unaisoma mwenyewe.

Namba chini ya sifuri

Moshi mjini maji hayagandi. Lakini kileleni Kibo, mita 5,895 juu ya bahari, kuna barafu, na usiku joto hushuka chini ya sifuri. Namba zilizo chini ya sifuri huitwa namba hasi. Tunaziandika kwa alama ya kutoa mbele yake, kama −4. Zilizo juu ya sifuri ni namba chanya.

Fedha nazo ni hivyo hivyo. Fedha iliyo mkononi ni chanya. Deni ni hasi.

Mabano hufanywa kwanza

Umepeleka magunia 3 ya kahawa. Kila gunia limepimwa kilo 51. Gunia tupu lina uzito wa kilo 1, nao lazima uondolewe. Hebu angalieni:

3 × (51 − 1) = 3 × 50 = 150
3 × 51 − 1 = 153 − 1 = 152

Namba ni zile zile, majibu ni mbalimbali. Hesabu ya kwanza ndiyo ya haki, maana kila gunia limeondolewa uzito wake. Ya pili imeondoa gunia moja tu, na mnunuzi atalipia kilo 2 zisizokuwepo. Kazi ya mabano ni kutuambia: vitu hivi vinakwenda pamoja, vimalizeni kwanza.

Kuzidisha hutangulia kujumlisha

Tuseme mama mmoja anadaiwa shilingi 30,000 za dawa ya mibuni. Ameuza kilo 10 za kahawa. Kwa mfano wetu, kilo moja ni shilingi 4,000. Hesabu yake ni hii:

−30,000 + 10 × 4,000

Kwanza tunazidisha: 10 × 4,000 = 40,000. Ndipo tunajumlisha: −30,000 + 40,000 = 10,000. Mama amelipa deni na amebaki na shilingi 10,000.

Je, mtu akianza tu kushoto bila kufikiri? Atasema −30,000 + 10 = −29,990. Halafu atazidisha kwa 4,000 na kupata −119,960,000. Yaani mama wa watu amekwenda kuuza kahawa, akarudi na deni la karibu milioni 120! Kosa ni kuchanganya shilingi na kilo. Kilo lazima zigeuzwe fedha kwanza.

MAGAZIJUTO

Watoto wetu shuleni wanakumbuka utaratibu huu kwa neno moja: MAGAZIJUTO. Maana yake ni Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Neno hili ni zuri, lakini mwisho wake una mtego. Tazameni:

10 − 4 + 3

Mtoto anasema, “JU inatangulia TO.” Basi anajumlisha 4 na 3, anapata 7, halafu 10 − 7 = 3. Amekosa. Jibu ni 9.

Sababu ni nini? Alama iliyo mbele ya namba ni mali ya namba hiyo. Hapa 10 ni chanya, 4 ni deni, na 3 ni chanya. Kujumlisha kwanza maana yake ni kukusanya mapato yote: 10 + 3 = 13. Halafu toa madeni: 13 − 4 = 9. Yule mtoto amegeuza pato la 3 kuwa deni. Ukipenda, fanya kutoka kushoto kwenda kulia: 10 − 4 = 6, na 6 + 3 = 9. Jibu ni lile lile.

Namna ya kumwonyesha mtoto

Chukua maharage na mahindi. Harage moja ni shilingi moja mkononi. Punje moja ya mahindi ni deni la shilingi moja. Weka maharage 10, mahindi 4, kisha maharage 3. Sasa kila punje ya mahindi iondoke pamoja na harage moja. Mwache mtoto ahesabu yaliyobaki. Ni maharage 9. Hapo hana haja ya kubishana nawe, ameona kwa macho yake.

Mazoezi

1. 20 − 6 + 4
2. 4 × (31 − 1)
3. −15 + 5 × 6
4. Unadaiwa shilingi 8,000. Umeuza mikungu 3 ya ndizi, kila mmoja shilingi 10,000. Umelipa deni, kisha umenunua chumvi na mafuta kwa shilingi 7,000. Una shilingi ngapi?

Majibu: (1) 18. (2) 120. (3) 15. (4) −8,000 + 3 × 10,000 − 7,000 = shilingi 15,000.

Ndugu, siku ya mizani nenda na kalamu yako. Piga hesabu kwanza, ndipo utie sahihi.