Je, Siasa ni Jambo la Wanaume Peke Yao?

Katika darasa letu la hapa Salaita tuliulizwa na ndugu mmoja: Huu wito wa haki za wanawake umeleta nini katika siasa na katika elimu ya siasa? Na je, si jambo lililotoka Ulaya kuja kutuharibia nyumba zetu? Suali hili lastahiki jawabu, kwani wengi wanalo moyoni na wachache hulitamka.

Kwanza, ni kweli kwamba wito huu, kwa jina ulilonalo leo, ulianzia ng'ambo. Mary Wollstonecraft aliandika kitabu chake huko Uingereza mwaka 1792, na New Zealand iliwapa wanawake kura mwaka 1893. Lakini haki haiwi batili kwa kuwa mgeni ametangulia kuitamka. Mtume (s.a.w.) alipokea bai'a ya wanawake, na habari hiyo imo katika Suratul Mumtahina, na siku ya Hudaibiya alilifuata shauri la Ummu Salama. Pwani yetu nayo, wazee wa Mombasa humtaja Mwana Mkisi, na Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya kumi na nane.

Pili, tuyatazame yaliyotokea Mombasa. Katika Kenya wanawake wa Kizungu walipewa kura mwaka 1919. Ulipofika uchaguzi wa 1957, wanaume wa Kiarabu walipiga kura, na wake zao wakazuiliwa. Mwaka 1958 wanawake hao wakapeleka ombi kwa serikali kutaka haki hiyo. Hawa walikuwa Waislamu wenye kujisitiri, na hawakuona kuwa buibui lawazuia kuwa na rai. Uchaguzi wa 1963 ulipofanywa, kila mtu mzima, mume kwa mke, alikuwa na kura yake.

Tatu, ama elimu ya siasa, zamani ilitazama wafalme, vyama na mabunge. Mambo ya nyumbani iliyaacha nje. Wanazuoni wa kike, kama Carole Pateman katika kitabu chake cha 1988, na hapa kwetu Maria Nzomo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliichungua desturi hiyo. Mfano tunao karibu. Maji ya Mzima hutoka katika Taita Taveta hii yakaenda kunyweka Mombasa. Mwanachuoni wa zamani angeuliza: Ni nani aliyeamua bomba lipite wapi? Wa leo huongeza: Na pale lisipofika, ni nani abebaye ndoo, na mbona hakushauriwa?

Nne, sheria imebadilika, lakini utekelezaji umechelewa. Katiba ya 2010 yasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa jinsia moja isizidi theluthi mbili, nayo ikaweka viti 47 vya wanawake, kimoja kwa kila kaunti. Hata hivyo, mwaka 2017 katika majimbo 290 wanawake walishinda 23 tu. Na Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kutotunga sheria ya kuitimiza kanuni hiyo. Halikuvunjwa. Ilhali Taveta yetu ilikwisha mchagua Naomi Shaban, daktari wa meno, mwaka 2002, ikamrudisha mara tatu, akakaa hadi 2022. Hakupewa kiti cha upendeleo. Alishindana na wanaume akawashinda.

Hatusemi kwamba kila lisemwalo na wenye wito huu ni sawa, wala kwamba wingi wa wanawake Bungeni peke yake ni uadilifu. Kila neno lipimwe kwa mizani ya dini na akili. Lakini ndugu zetu, tuanze kwetu. Katika kamati za misikiti na madrasa, wanawake hutoa sadaka na hufundisha watoto. Ni wangapi huulizwa rai zao kabla ya fedha hizo kutumiwa? Tunamwamini mama kumlea kadhi. Vipi tusimwamini kutoa shauri?

Wabillahi taufiki.