Dondoo Muhimu: Anza na Mlango, Kisha Makumbusho

Ukitaka kuielewa sanaa ya mapambo ya Mombasa, usianzie Fort Jesus, ngome ambayo sasa ni makumbusho. Anzia Ndia Kuu, Mji wa Kale, penye milango ya nakshi ambayo bado inafunguliwa na kufungwa kila siku. Tazama mfaa, ule mti wa katikati unaoziba mahali mbao mbili zinapokutana: nakshi imechongwa juu ya kitu chenye kazi. Ukishalizoeza jicho hivyo, ingia ngomeni. Vyombo vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mwaka 1697, utavitazama kama vitu vya watu waliokula na kunywa. Atakayesema kwamba makumbusho yana maelezo na mtaa hauna, kasema kweli, ndiyo maana usiishie mtaani. Ila maelezo hutaja jina na mwaka. Mkono wa fundi utautafuta mwenyewe. Tena humo ngomeni usiipite mbio michoro ya Wareno ukutani, yenye meli na watu. Haina ustadi mkubwa, lakini kwangu inashinda mizinga yote ya pale. Na mlango wa mtu ni nyumba yake: piga hodi kabla ya kupiga picha.