Mzee na Maradhi Yake

Ndugu zetu, somo la leo ni juu ya wazee wetu waliopatwa na maradhi ya sukari na presha, ambayo mtu huishi nayo mpaka mwisho wa umri wake. Twaona katika majumba yetu mtoto mwenye kumpenda mamake akifanya jambo alidhanilo kuwa ni wema: humkataza kwenda sokoni, dawa akazificha yeye, ufunguo wa kabati akauchukua, na mzee akawa ameketi ukumbini kama mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Bani Israil, ametuamrisha kuwatendea wema wazazi wafikapo uzeeni na kusema nao kwa heshima. Kuwageuza watoto hakutuamrisha.

Tabibu humwona mgonjwa siku chache tu katika mwaka. Siku zilizobaki mwenye kujiangalia ni mgonjwa mwenyewe. Basi na afundishwe. Dawa ya presha humezwa kama ilivyoagizwa hata akijiona mzima, kwani presha mara nyingi haina dalili. Macho yakiwa mazito, atiliwe vidonge katika visanduku vya siku, vya asubuhi mbali na vya usiku.

Na miguu! Sukari huweza kuua hisia za nyayo, mtu akakanyaga msumari asijue, kidonda kikaoza hata mguu ukakatwa. Mwenye kusali huosha miguu yake kila siku. Hapo hapo na aitazame, akaushe vyema baina ya vidole, wala asiende pekupeku hata uani. Asiyeweza kuinama atumie kioo. Akiwekewa kiti na birika karibu, na chuma cha kushikia ukutani, atatawadha bila ya kumwita mtu.

Penye mzozo zaidi ni Ramadhani, maana mzee huona haya kula, na jamaa humsifu kwa kushinda na saumu. Amwulize tabibu kabla ya mwezi kuandama, kwani huenda saa za dawa zikabadilishwa. Kujidunga kidole kupima sukari hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 (au 70 kwa mashine zihesabuzo kwa miligramu), afungue papo hapo kwa kitu kitamu, ijapokuwa magharibi imebaki robo saa. Na ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupoa, na saumu yamdhuru, katika madhehebu ya Imamu Shafi hutoa kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Wanawe wasikitoe kimya kimya pasi na kumwambia. Wamletee pishi na mchele, apime mwenyewe.